Kufuatilia Nasaba katika Parokia ya Kijijini Uingereza: Mwongozo kwa Mfano wa Eyam

Mtafiti anayefungua kwa mara ya kwanza madaftari ya parokia ya kijijini nchini Uingereza kwa kawaida huwa na jina moja la ukoo analolisaka, na hulirukia kila linapojitokeza. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, yaani kuijua parokia yenyewe kwanza na kuwasoma wakazi wake wote, kwa sababu katika kijiji kidogo majina machache ya ubatizo yalirudiwa kizazi baada ya kizazi, na jina peke yake halithibitishi ukoo. Mfano wetu ni Eyam katika kaunti ya Derbyshire, kijiji cha wachimbaji wa madini ya risasi kilichokumbwa na tauni mwaka 1665 na 1666.

Hatua ya kwanza ni kuanzia karibu na kurudi nyuma. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Sensa ya 1841 huonyesha tu kama mtu alizaliwa katika kaunti anamoishi, lakini ile ya 1851 hutaja parokia aliyozaliwa, na hapo ndipo utafiti wa kanisani unapopata pa kuanzia.

Hatua ya pili ni kuchora mipaka. Parokia ya Eyam ilijumuisha pia kitongoji cha Foolow, ilhali Stoney Middleton, kijiji kilicho jirani kabisa, kilikuwa chini ya parokia ya Hathersage. Asiyejua hilo anaweza kudhani familia imehama, kumbe imevuka bonde tu.

Hatua ya tatu ni kuyafikia madaftari. Thomas Cromwell, waziri mkuu wa Mfalme Henry VIII, aliamuru mwaka 1538 kwamba kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, ingawa parokia nyingi zimepoteza kurasa za mwanzo. Daftari la Eyam lililopo linaanzia 1630. Leo madaftari ya zamani huhifadhiwa katika ofisi ya nyaraka ya kaunti, ambayo kwa Derbyshire iko Matlock. Faharasa za majina katika tovuti za FamilySearch na FreeREG hutumika bila malipo, lakini zichukulie kuwa njia ya kulifikia daftari tu, kisha dai kuona picha ya ukurasa wenyewe. Ukurasa ukiwa umeoza au haupo, tafuta nakala ambazo parokia zilitakiwa kumpelekea askofu kila mwaka tangu 1598. Enzi hizo Eyam ilikuwa chini ya Dayosisi ya Lichfield na Coventry, si Derby kama ilivyo sasa.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo inayohitaji subira kuliko zote, ni kusoma tarehe na kuwatenganisha watu. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo maziko yaliyoandikwa Februari 1665 yalifanyika baada ya yale ya Septemba 1665, mwezi aliofariki George Viccars, anayetajwa kuwa wa kwanza kufa kwa tauni hiyo. Ziandike tarehe za kati ya Januari na 24 Machi kwa mtindo wa 1665/6, na usibadilishe kilichomo daftarini. Kumbuka pia kwamba daftari hutaja siku ya ubatizo, ambayo huenda ilikuwa mbali na siku ya kuzaliwa.

Kisha, kabla ya kumfanya mtoto yeyote aliyebatizwa kuwa babu yako, pekua maziko ujiridhishe kwamba hakufa utotoni. Katika Eyam jambo hili ni zito mno. Mwezi Agosti 1666 Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita, na makaburi yao yako Riley, shambani nje ya kijiji. Ukoo unaweza kukatika ndani ya ukurasa mmoja, na anayetegemea mawe ya makaburi ya kanisani pekee hatauona mkatiko huo.

Ndoa hupata maelezo zaidi baada ya sheria iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754: parokia ya kila mmoja, saini au alama, na majina ya mashahidi, ambao mara nyingi ni ndugu. Tangu hapo hadi 1837, watu wote isipokuwa Waquaker (dhehebu la Kikristo lililojitenga na Kanisa la Uingereza) na Wayahudi walilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Kianglikana, hivyo familia ya Kimethodisti isiyoonekana katika ubatizo huenda ikaonekana hapa. Kuanzia 1813, fomu zilizochapishwa huongeza kazi ya baba na makazi katika ubatizo, na umri wa marehemu katika maziko.

Hatua ya tano ni nyaraka za wasimamizi wa maskini, yaani maofisa wa parokia waliogawa misaada kwa wahitaji, nyaraka ambazo watafiti wengi huziruka na ambazo mimi nazithamini kuliko daftari lolote. Chini ya sheria ya 1662, parokia iliweza kumrudisha maskini alikohesabiwa kuwa mkazi halali, kwa hiyo mahakimu walimhoji: alizaliwa wapi, alijifunza ufundi kwa nani, aliajiriwa wapi kwa mwaka mzima. Mahojiano hayo ni wasifu wa kibarua ambaye hakuacha wosia wala shamba.

Katika kila hatua, andika jina la daftari, miaka uliyoipekua na kurasa zilizokosekana, hata pale ambapo hukupata jina lolote, ili mtafiti atakayekufuata ajue ni pengo lipi limeshachunguzwa na ni lipi bado.