Binti akianza kukwepa sahani

Nimelea wasichana wa bweni miaka 19, na dalili ya kwanza siioni kwenye mizani. Naiona mezani. Binti anawagawia wenzake ugali wake, anachezea maharage kwa kijiko, anasema ameshiba. Juani anavaa sweta. Hedhi imekatika. Hiyo huenda ni anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula: hofu ya kunenepa, na hata akibaki mifupa hujiona mnene.

Bulimia, ugonjwa mwingine wa ulaji, hujificha zaidi, maana mara nyingi uzito wa mgonjwa ni wa kawaida. Hula kwa pupa, kisha huenda chooni kujitapisha. Tazama mashavu yaliyovimba, meno yaliyolika, makovu kwenye viungo vya vidole. Kutapika huko hushusha madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama. Usingoje akonde!

Wapo pia wanaokula kupita kiasi kwa siri bila kutapika, wakabaki na aibu.

Usidhani ni wasichana wa mjini tu. Wavulana wamo, wakimbiaji wamo, na wenye kisukari wanaoacha kuchoma insulini ili wapungue. Hao wakimbize hospitali.

Ukizungumza naye, kaeni faragha. Usiseme "umekonda" wala "umependeza". Mimi humwambia, "Mwanangu, naona chakula kinakusumbua. Nipo nawe." Kisha nampeleka kwa daktari. Aliyejinyima muda mrefu usimshindilie chakula kwa siku moja, hata kwa huruma. Madini ya damu huweza kuvurugika ghafla. Alishwe taratibu, daktari akimwangalia.