Somo: Kumrudishia maneno aliyepigwa na kiharusi

Mjomba wangu ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na zamani mdomo wake haukuwa na kufuli. Siku ya tatu baada ya kiharusi alitaka maji, akasema "mkasi". Alijua kakosea, alijipiga goti kwa hasira. Hiyo ndiyo afasia. Kiharusi kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Akili ipo, kwa hiyo msimsemeshe kama mtoto.

Mkipata mtaalamu wa tiba ya usemi, anzeni kwake. Na akipaliwa kila anywapo chai, mwambieni daktari mapema. Hilo linatangulia maneno.

Hatua ya 1. Zima redio, kaa mbele yake aone midomo yako. Robo saa asubuhi, robo saa jioni.

Hatua ya 2. Anza na yanayotoka yenyewe: moja hadi kumi, siku za wiki, salamu. Neno la kwanza la mjomba lilikuwa "marahaba", tena alilitoa kabla mtoto hajamaliza shikamoo yake.

Hatua ya 3. Weka vitu vitatu mezani. Kwanza aonyeshe kikombe, kisha akitaje. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapa ndipo wengi tunaharibu, tunamnyang'anya neno likiwa ulimini. Bado? Taja kazi yake: "Tunanywea chai." Bado? Mwanzishie. Ila Kiswahili kina mtego wake: ukisema "ki..." umempa kiti, kisu, kijiko na kikombe kwa mpigo. Mpe silabi mbili, "kiko...". Mimi ilinichukua wiki mbili kuligundua hilo.

Hatua ya 4. Imbeni. "Na-ta-ka cha-i", kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, mkono wake wa kushoto ukigonga meza kila silabi. Wataalamu wa Marekani waliieleza mbinu hii mwaka 1973. Mwanze pamoja, wewe ufifishe sauti polepole, mwisho aseme bila kuimba.

MASWALI

Baba anajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Tufanyeje?
Muulizeni pia kinyume chake: "Unataka chai?" halafu "Hutaki chai?" Akisema ndiyo kote, wekeni chai na maji mbele yake, achague kwa kidole.

Bibi karudi kwenye Kidigo, Kiswahili hakitoki.
Mjibuni Kidigo. Neno ni neno.

Mama anatukana, na hakuwa hivyo kabisa!
Matusi nayo ni ya yale yanayotoka yenyewe, kama salamu. Msimwonee haya mbele ya wageni, wala msicheke.

Imepita miaka miwili. Tumechelewa?
Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno hata baada ya miaka. Anzeni leo jioni. Ila usemi ukipotea tena ghafla, au mdomo ukaenda upande, hilo si la mazoezi: hospitali, saa ileile.

Mjomba je, sasa anaendeleaje?
Mteja akija anamsalimu na kumtajia bei. Akichoka, maji bado anayaita mkasi. Tunamletea maji.