Jinsi ninavyowasaka watoto waliokosa chanjo, nyumba kwa nyumba

Uviko-19 ilipoingia nchini Machi 2020, akina mama wengi waliliogopa benchi la kliniki. Rejesta ya watoto ya zahanati yetu inaonyesha: penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) ya kwanza ipo, ya pili hakuna. WHO na UNICEF walihesabu watoto milioni 25 duniani waliokosa chanjo au wasiokamilisha mwaka 2021. Wa kwangu nawatafuta hivi; wauguzi wenzangu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, chukueni kinachowafaa.

Anza na rejesta kabla ya kushika njia. Andika kila mtoto aliyepitisha wiki 6, 10 au 14, au miezi 9 na 18 ya surua-rubela, bila tiki. Panga majina kwa vitongoji, kisha kaa na mwenyekiti wa kitongoji. Yeye ndiye anayejua nani kahama na nani yuko shamba mpaka mavuno.

Ukifika piga hodi, kaa unapokaribishwa, ulizia hali ya nyumba kwanza, kadi baadaye. Usiseme "mbona hukuja?" Mama mmoja alinitolea kadi chini ya godoro, ndani ya mfuko wa rambo, imekunjwa mara nne. Kumbe alikuja kliniki mara mbili, akarudishwa kwa kuwa watoto hawakutosha kufungua chupa ya chanjo, ambayo moja huchanja watoto kadhaa. Chanjo ya surua-rubela ikishachanganywa hutupwa muda wa saa 6 ukipita, ndiyo maana tulikuwa tunaibania. Mwendo wote ule na mtoto mgongoni, mara mbili! Tangu siku ile nafungua chupa hata kwa mtoto mmoja, na nawasihi nanyi mfungue.

Kadi imepotea? Angalia kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) bega la kulia, linganisha na rejesta. Halafu mwambie mama jambo ambalo wengi hawalijui: chanjo haianzi upya. Aliyepata penta ya kwanza anaendelea na ya pili, hata kama miezi imepita.

Kubalianeni tarehe pale pale, ikiwezekana siku ya gulio.

Kabla ya kuaga, tazama kibuyu chirizi cha chooni. Vingi vimekauka tangu Uviko ipungue. Mimi huomba maji, tukakijaza pamoja na watoto wa nyumba ile, wakanawa mikono mmoja mmoja, na sabuni.