Jinsi ninavyopanga ratiba ya kuangalia PBS, televisheni ya umma ya Marekani, mwezi mzima nyumbani kwangu (hii ni ya Februari, kwa sisi tulioko Marekani)

Mwezi ukikaribia kuisha tu wadada wa kikundi chetu hapa Minnesota wanaanza kunitumia meseji, dada mwezi ujao tuangalie nini. Hii kazi naifanya mwaka wa nne sasa, nakaa jioni moja na karatasi na simu, naandika siku gani kuna nini, napiga picha nawarushia. Leo naandika njia yenyewe yote ili kila mtu apange ya kwake, maana nyumba yenye watoto wa miaka mitatu na nyumba yenye bibi aliyefika juzi kutoka Lindi haziwezi kushika karatasi moja.

Kabla hujagusa rimoti elewa PBS ni kitu gani. Sisi tumekulia TBC, wengine KBC, kwa hiyo ukisikia televisheni ya umma unajua ni ya serikali basi. Hii siyo. Ni shirika lisilo la faida, lilianza kurusha matangazo 1970, na chini yake kuna stesheni zaidi ya 300 zinazojitegemea, zingine za vyuo vikuu, zingine za majimbo, zingine ni za wananchi wa mji wenyewe. Kwetu ni Twin Cities PBS iko Saint Paul, Boston wana GBH, New York WNET, San Francisco KQED. Kila moja ina ratiba yake, ndo maana shoga yako wa Texas anakwambia kuna kitu kizuri leo usiku na we hukioni.

Hatua ya 1: weka apu, chagua stesheni yako

Apu inaitwa PBS, bure kabisa, iko kwenye simu, Roku, Fire TV, Apple TV na smati TV nyingi. Itakuuliza zipu kodi yako, iweke ya kweli, usiweke ya mjomba, maana hapo ndo inakutafutia stesheni ya kwenu. Kwenye TV itakuletea herufi na namba kwenye kioo, unachukua simu unaenda pbs.org/activate unaziandika unafungua akaunti kwa imeli. Hapa ndo watu wengi wanaacha, wanaogopa watakatwa hela. Nawaelewa kabisa, mimi mwenyewe niliwahi kujiunga na huduma moja ya kustrimu kwa mwezi wa bure, nikasahau kujitoa, wakanikata miezi mitano na hela yangu hawakurudisha. Lakini kufungua akaunti ya PBS hauombwi kadi ya benki. Imeli tu.

Kama una watoto wadogo weka na apu ya kwao, PBS KIDS, iko peke yake. Hiyo hata akaunti haitaki, unafungua wanaangalia.

Hatua ya 2: jua kilicho wazi na kilichofungwa

Ukiona kipindi kina alama ya dira ya bluu, hicho ni cha Passport. Passport ni kwa wale waliochangia stesheni yao, na stesheni nyingi kiwango ni dola 5 kwa mwezi au 60 kwa mwaka. Kisicho na dira ni cha wote. Mimi miaka miwili ya kwanza sikuchangia hata senti na nilipanga miezi yote ikajaa, kwa hiyo usidhani huwezi.

Ila niseme ukweli wangu hapa. Julai 2025 bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma, na CPB, lile shirika lililoundwa kwa sheria ya 1967 kuzigawa hizo hela kwa stesheni, likatangaza kufunga kazi. Wanaoumia zaidi ni stesheni ndogo za vijijini ambazo hazina matajiri wa kuzichangia. Siku ile niliposoma ndo nikaanza kutoa dola 5 zangu, maana wanangu Kiingereza chao cha kwanza walikipata pale. Ukiweza toa, usipoweza we angalia, vipindi wameviweka wazi ili uangalie.

Hatua ya 3: anza na kinachoisha, siyo unachokipenda

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote ni za kusaidia. Vipindi vingi vipya vinakaa wazi wiki chache tu baada ya kurushwa, halafu vinaingia Passport au vinaondoka kabisa. Watu wanafanya kosa la kuweka pembeni kile kizuri wakisema nitakiangalia nikipumzika, wiki ya tatu wakirudi hakipo. Fungua ukurasa wa kipindi pbs.org, soma maelezo pale chini ya video, tarehe ya kuondoka imeandikwa. Iandike.

Sasa chora karatasi. Februari ni tamu kupanga kwa sababu siku 28 ni wiki 4 kamili, mistari minne vyumba saba, na hapa kwetu baridi ya Februari hakuna anayetoka. Kwanza jaza zile zenye tarehe ya kuisha, iliyo karibu ianze juu. Zikiisha ndo uingize zile ambazo hazina haraka. Acha siku mbili kila wiki wazi kabisa, kuna siku utatoka zamu umechoka na hutaki kusikia mtu anaongea.

Hatua ya 4: siku zenye uhakika

Jumatano usipange kitu kingine. Saa moja usiku kwa saa zetu za Minnesota kuna Nature, wanyama na misitu, iko hewani tangu 1982, na ikiisha saa mbili inafuata NOVA ya sayansi, hiyo ni ya tangu 1974. Walioko New York waongeze saa moja. Kama uko kazini usiku haina shida, kesho yake iko kwenye apu.

Jumanne ni ya Henry Louis Gates, yule profesa wa Harvard, na kipindi chake cha Finding Your Roots, anakaa na mtu maarufu anamfungulia kitabu cha ukoo wake, mababu waliouzwa, waliohama, majina yaliyobadilishwa. Mimi nikiangalia huwa napiga simu nyumbani kumuuliza mama babu wa babu yetu aliitwa nani. Jumanne hiyohiyo baadaye inakuja Frontline, ya uchunguzi, nzito, iangalie watoto wakishalala.

Na kwa kuwa Februari hapa ni mwezi wa historia ya watu weusi, jumamosi zote nne nazipanga hivi. Ya kwanza Freedom Riders kutoka American Experience, kipindi cha historia cha PBS, ni vijana weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja 1961 kwenda kusini wakijua watapigwa. Ni ya saa mbili hivi, andaa chakula mapema. Ya pili na ya tatu naigawa Africa's Great Civilizations, ya Gates tena, ya 2017, masaa sita, na hii nawaomba msiiache. Kilwa imo. Mimi ni mtu wa Lindi, shuleni Kilwa Kisiwani tuliisoma kwa kukariri tu, mwarabu mshirazi mreno basi, halafu nikaja kuiona kwenye sebule ya Minneapolis nje theluji, na mwanangu akaniuliza mama hapo ni kwenu kweli? Nikamwambia ndio, na ule msikiti babu yako aliswali nje yake. Tulisimamisha tukaongea saa nzima, hatukumaliza sehemu ile siku ile. Kwa hiyo ukiipanga usibane muda.

Ya nne naweka kitu cha karibu zaidi na sisi kama kinapatikana. POV na AfroPoP, vipindi vya documentari, ndo pa kutafuta, huko wanaonyesha filamu za wenyewe. Mfano POV mwaka 2020 walionyesha Softie, ya Mkenya Sam Soko, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akigombea ubunge Starehe 2017, na mke wake na watoto wanavyobeba mzigo wa ile kampeni. Filamu za hivi hufunguliwa kwa muda tu, kwa hiyo zitafute kila mwanzo wa mwezi.

Hatua ya 5: washa maandishi

Kitufe cha CC, kinachoandika chini ya kioo maneno yanayosemwa. Washa siku ya kwanza na usizime. Bibi yetu alipofika hakuwa na Kiingereza, tukaweka utaratibu wa Jumatano, wajukuu wanaangalia Nature na kila baada ya dakika kumi tunasimamisha, wanamweleza bibi kwa Kiswahili kimetokea nini. Mwanzoni walikuwa wanasema "ule mnyama amefanya ile kitu", bibi anagoma, mnyama gani, una jina, ni nyumbu, ni fisi, ni kima. Wakalazimika kujifunza. Sasa hivi wanamwambia bibi ngoja, huyo jike ana mimba ndo maana kajitenga. Mimi kwa mtoto aliyezaliwa hapa sijaona darasa la Kiswahili linaloshinda hilo, na bibi naye anasoma yale maandishi ya chini kidogokidogo.

Kwa wadogo, Daniel Tiger asubuhi kwa ajili ya tabia, kushukuru, kungoja zamu, hasira. Wild Kratts jioni kwa wanyama. Sesame Street ipo tangu 1969 haihitaji maelezo, na Tanzania tulikuwa na ya kwetu, Kilimani Sesame. Vipindi viwili vya nusu saa kwa siku vinatosha.

Hatua ya 6: ukikikosa

Usikimbilie kununua. Nenda maktaba ya mtaa wako na kitambulisho na barua yoyote yenye anwani, kadi ni bure. Uliza kama wana Kanopy, ni apu inayofunguka kwa kadi ya maktaba na documentari nyingi za PBS ziko humo. Uliza na DVD. Eyes on the Prize ya Henry Hampton, sehemu 14 za harakati za haki za weusi, mimi niliipata kwenye rafu ya maktaba.

Intaneti ikiwa inakwamakwama nunua antena ya kubandika dirishani, mara moja tu, stesheni inakuja hewani bila bando.

Na ndugu walioko Dar au Mombasa wanaouliza mbona kwao apu haichezi, video nyingi za PBS zina ruhusa ya Marekani tu. Watumie chaneli ya YouTube ya Frontline, filamu nyingi kamili ziko pale, na PBS News Hour, taarifa ya habari ya jioni, nayo iko YouTube.

Ikifika tarehe 25 chukua karatasi mpya, andika kwanza vile ambavyo hamkuvimaliza na bado viko wazi, halafu ndo ufungue apu kutafuta vya Machi.