Kuunganisha reli za zamani za Märklin na mpya: hatua nilizopitia, na kile kipande kilichonilia wikiendi mbili

Watoto wangu walinunuliwa seti ya treni za kuchezea za Märklin, ile ya dijitali (treni inapokea amri kupitia reli) inayokuja na reli za aina ya C. Sasa babu yao, yaani baba mkwe wangu, ana maboksi ya reli za bati, aina ya M, darini tangu akiwa mtoto, akang'ang'ana lazima ziungwe na hizo mpya uwe mzunguko mmoja. Tupo huku Ujerumani, na kwa vile niliwahi kuwa fundi redio Tanga basi kitu chochote chenye waya nyumba hii naitwa mimi. Kazi ya mchana mmoja hii, mimi imenila wikiendi mbili.

1. Jua una reli gani

Za M ni bati lililochorwa kokoto, ukiligonga linalia kama kopo. Za C zilianza 1996, ni plastiki, zinabanana zenyewe. Zote zina nukta za chuma katikati zinazopitisha umeme, ndo maana zinaweza kuungana. Kama zako ni za K, aina nyingine ya Märklin, adapta yake (kipande cha kuunganisha aina mbili za reli) ni nyingine, usinunue hii ninayoitaja hapa.

2. Nunua adapta namba 24951 ya Märklin, na nunua mbili

Wapo watu wanachonga plastiki kwa kisu na kukunja bati ili kukwepa kununua adapta, achana nao kabisa. Mbili kwa sababu mzunguko una sehemu mbili za kuungia, na adapta ina urefu wa mm 180 wakati reli ya C iliyonyooka ya kawaida ni mm 188.3, kwa hiyo ukiweka adapta upande mmoja na C ya kawaida upande wa pili unabaki na pengo la kama mm 8 na utaanza kulazimisha. Kona hazisumbui, ile ndogo ya M na ya C zote ni mm 360 kutoka katikati ya duara. Sisi tuliweka nusu duara ya M huku, nusu ya C kule, adapta kila upande, ikafunga vizuri tu.

3. Safisha

Kitambaa na spiriti. Usiguse zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zikikatika zinavutwa na sumaku ya mota. Vile vilimi vya chini ya bati nyoosha na plaizi taratibu.

4. Transfoma ya bluu ya babu irudi darini

Zile zilitengenezwa enzi za volti 220, leo ukutani ni 230, na ukizungusha kitufe cha kurudisha treni nyuma inarusha umeme mkubwa unaoweza kuua elektroniki za kichwa kipya cha treni. Na usithubutu kuiunga pamoja na kifaa cha dijitali kwenye reli moja.

5. Kapasita (hapa soma taratibu)

Tulianza na C peke yake, treni inaenda vizuri. Tukaunga M, treni ikagoma, na haikugoma upande wa bati tu, hata upande wa C ilikokuwa inakimbia dakika tano nyuma. Mara inashtuka inasimama, mara haisikii kabisa. Nikachukua mita, nikaweka waya mmoja kwenye nukta za katikati na mwingine kwenye reli, kimya, hailii, kwa hiyo hakuna shoti. Nikalaumu kutu, tukasafisha upya zote. Nikalaumu adapta, nikazibadilishana. Mzee akalaumu dijitali yenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikaanza kutoa kipande kimoja kimoja na kujaribu kila mara. Nilipotoa kile chenye sehemu ya kuchomeka waya pembeni, treni ikaondoka. Nikakigeuza, chini yake nikakuta kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme) imeungwa kati ya nukta za katikati na reli.

Zamani makaa ya mota yalikuwa yanatoa cheche zinazokoroga redio na televisheni za jirani, ndo ikawekwa hiyo kapasita kumeza kelele. Kwa transfoma ya zamani haina neno. Ila amri za dijitali zinapita kwenye reli kama mapigo ya haraka haraka, na kapasita inayameza nayo. Mita yangu je? Inapima kwa betri, na kapasita haipitishi umeme wa betri, ndo maana ilikaa kimya. Yaani fundi redio mzima nimeshindwa na kapasita ya kuzuia kelele za redio, mzee alicheka mpaka akavua miwani.

La kufanya: usikitumie hicho kipande, umeme uingize upande wa C (chini kuna alama, waya mwekundu kwenye B, wa kahawia kwenye 0). Kama unakihitaji kweli, chomoa umeme kwanza halafu kata miguu ya kapasita tu, zile waya nyingine ziache. Geuza vipande vyote hata visivyo na sehemu ya waya, sisi boksini tulikuta vitatu vyenye kapasita. Na hata za C zipo seti za waya za analogi (mfumo wa zamani, usio wa dijitali) zenye kapasita ndani, uliza kabla hujalipa.

6. Waya za ziada

Bati likichoka umeme unapungua njiani. Peleka nyekundu na kahawia upande wa pili pia, rangi zisipishane.

7. Pointi

Pale reli inapogawanyika naweka za C tu. Kwenye zile za bati kichwa kipya kinaweza kukwama na kile chuma kirefu cha chini kinachoburuza katikati, na sina muda wa kubishana nazo.

8. Vichwa vya zamani

Cha analogi usikiweke kwenye reli zenye dijitali. Nilimwambia mzee, akasubiri nimeenda jikoni akaweka kile chake cheusi cha mvuke. Kiliondoka kasi yote, hakina wa kukisimamisha, kona ya kwanza kikaruka kikaingia chini ya kochi. Kimepona, na kadi ya dijitali ya kukifungia ndani ameshaagiza, na nani ataichomelea humo ndani hata sijaulizwa.