Maonesho ya sanaa ya skuli za wilaya: anzeni na majamvi

Mwalimu mwenzangu kanitumia meseji juzi, wilaya imempa kazi ya kuandaa maonesho ya kazi za sanaa za wanafunzi na walimu, na swali lake la kwanza kaniuliza nani awe mgeni rasmi. Nikamwambia we mgeni rasmi mwache kwanza, majamvi umeshayapata? Akacheka, akadhani namtania. Simtanii wallahi, na nimeona bora niandike yote kwa pamoja mana kila mwaka naulizwa na watu wawili watatu na kila nikijibu kuna kitu nasahau.

Mimi nipo Pemba kwahiyo nitasema ya huku, ila wa Unguja nanyi mtajiona humu humu.

Haya, tarehe. Wengi wanapenda kuyaunganisha na sherehe za elimu bila malipo, ile iliyotangazwa na Mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964, na kweli ni wakati mzuri, watu wameshazoea mambo ya maonesho siku hizo. Tatizo kwetu ni karafuu. Mwaka ambao mikarafuu imezaa, kuanzia Julai hivi nusu ya darasa ipo juu ya mikarafuu na nusu nyengine inalala usiku mkubwa inachambua, sasa huyo mtoto utamwambia achore saa ngapi. Kwahiyo kabla hamjaandika barua yoyote waulizeni wazee wa shamba mwaka huu karafuu zinasemaje. Zikiwa nyingi, kusanyeni kazi mapema, mwezi wa Juni ziwe zishaingia mkononi hata kama maonesho yenyewe ni Septemba. Masika, Machi mpaka Mei, msifanye, karatasi zitarowa njiani. Alafu tizameni Ramadhani inaangukia wapi, inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, watu wanasahau hichi kitu wanapanga mwaka mmoja mbele wanakuja kushtuka.

Idadi ya kazi ndo inayowaponza wengi. Barua inaandikwa "kila skuli ilete kazi zake", skuli moja inaleta 4 nyengine inaleta 90. Pigeni hesabu ya ukuta kwanza. Karatasi ya A3 ukiilaza ina upana wa sentimita 42, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kati ya moja na nyengine basi ukuta wa mita 7 unachukua kama 13 kwa mstari, mistari miwili 26. Toa milango, toa madirisha, chumba kimoja cha darasa kinabeba kazi 60 kwa raha zake. Skuli 20 zikileta kazi 10 kila moja ni 200, hivyo mnataka vyumba vinne. Semeni 10, na mbili za walimu, na mshikilie hapo hapo, atakayeleta ya 11 mrudishie na tabasamu.

Na nani anachagua? Si mwalimu mkuu peke yake tafadhali. Ukimwachia atachagua watoto watatu wale wale wanaojulikana wanajua kuchora, na kazi zao zote ni bendera na jahazi. Wapeni watoto wenyewe wapige kura darasani kwa nusu ya kazi, mtashangaa wanachokichagua. Jengine, na hili nalisema kwa uchungu, walimu tuache kuwamalizia watoto kazi. Inaonekana jamani! Mtoto wa darasa la pili kachora dau, tanga limenyooka kwa rula, mbao zimehesabika moja moja, na misumari yake, alafu kavuvi pembeni kana kichwa kikubwa kama papai na miguu inatokea kwenye shingo. Hako kavuvi ndo ka mtoto. Na ndo kazuri kuliko dau.

Kuna wazazi hawapendi watoto wao wachore viumbe, watu na wanyama, kwa sababu za dini. Msiligeuze kuwa ugomvi na msisubiri siku ya maonesho mzazi aje kuibandua mwenyewe. Tangu kwenye barua wekeni wazi kwamba nakshi za milango, maua ya hina, ukili wa rangi, kofia za kutoboa, ufinyanzi na hati za Kiarabu vyote ni sanaa na vinapokelewa sawa sawa. Kwetu huku hizo ndo sanaa za nyumbani, mtoto kakua anamuona bibi yake anasuka, kazi za ukili tulizozipata zimeshinda picha mara nyingi tu. Ila zikija hati zenye aya za Qurani zitundikwe juu, zisiwekwe chini wala kwenye meza ambayo watu wataegemeza mikoba, na mkimaliza zisichanganywe na taka za karatasi.

Sasa majamvi. Mwaka wetu wa kwanza tulibandika kazi kama 150 kwa selotepu kwenye kuta za chokaa. Tumemaliza saa tatu usiku, tumechoka, tumefurahi, tumepiga na picha. Usiku ikapita mvua, wala haikuwa kubwa. Asubuhi tunafungua mlango sakafu yote nyeupe karatasi, zimejikunja kama sambusa, imebaki moja tu ukutani, na hiyo mtoto kaibandika mwenyewe kwa uji wa unga kabla hatujamuona. Chokaa inatoa vumbi, selotepu inashika vumbi haishiki ukuta, na hewa yetu hii ya bahari inamalizia kazi. Ukuta wa rangi ya mafuta una nafuu kidogo lakini ukibandua selotepu inaondoka na rangi, mwenye skuli hatokupa tena.

Jamvi lile lile la kuanikia karafuu ndo dawa. Kila nyumba ya shamba ina moja au mawili na kama si msimu limekunjwa tu. Azimeni, kung'uteni, muyapige jua siku nzima mana yana wadudu, alafu funga kamba ya usumba kutoka nondo ya dirisha mpaka nondo ya dirisha la pili, litundikwe jamvi kwa ubapa literemke karibu na sakafu. Kwa juu mlishone kwenye kamba kwa shazia, mshono mmoja kila shubiri. Kazi mnazibana kwa pini ndogo zinazopita kwenye msuko, pembe mbili za juu tu, chini muache wazi karatasi ipumue. Haitoboki vibaya, haianguki, na rangi ya jamvi ile ya mchanga inaitoa picha vizuri kuliko ukuta mweupe, hata wageni wa mjini waliuliza nani katupambia. Andikeni jina la mwenye jamvi kwa wino nyuma ya pembe moja. Bila hivo mtagombana na watu wazima.

Urefu wa kutundika: kwa watu wazima katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka chini, lakini haya ni maonesho ya watoto, mstari wa chini uweke katikati kwenye sentimita 110 hivi ili wa darasa la tatu asinyanyuliwe na mtu. Kazi za watoto wadogo chini, za wakubwa juu.

Kwa wanaotumia gundi ya uji, ya ngano au ya muhogo yote inashika, tatizo ni mende na ukungu. Tia matone machache ya mafuta ya karafuu ukishaiepua, ukungu unachelewa sana, na Pemba tena mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, tunatengeneza wenyewe pale kiwandani Wawi, hatuna kisingizio. Chumba kikinukia, freshi. Rangi za dukani zikiwa ghali manjano inatoa njano kali, mzingifuri unatoa nyekundu ya machungwa, mkaa unajulikana, ila manjano inapauka kwa jua kwahiyo kazi hizo msizipange mkabala na dirisha la magharibi.

Lebo. Hapa nitakaa kidogo mana hapa ndo watu wanapoharibu. Mama katoka Micheweni, kapanda gari mbili, kavaa baibui lake zuri, kaja kuona kazi ya mwanawe. Anazunguka chumba cha kwanza, cha pili, haioni. Lebo zimeandikwa namba tu, na karatasi ya namba anayo mwalimu mmoja ambaye kaenda kununua maji ya mgeni rasmi. Mama anaona haya kuuliza, anakaa kwenye benchi nje. Nimeliona hilo kwa macho yangu na tangu siku hiyo lebo naziandika mimi. Kikadi cha sentimita 7 kwa 10, maka nyeusi, herufi kubwa: jina la kwanza la mtoto, darasa, skuli, na kazi imetengenezwa kwa nini. Mstari wa mwisho kama mtoto ana la kusema liandikwe kama alivosema, msimsahihishie. Kuna mmoja aliandika "huyu ni ng'ombe wa babu kabla hajauzwa" na watu walisimama pale kuliko kwenye kazi yoyote. Mlangoni mbandike orodha ya skuli na chumba zilipo, na muwe na wanafunzi wawili wa kidato wanaowapokea wazazi na kuwapeleka mpaka kwenye kazi yenyewe. Karibu mama, mwanao nani, skuli gani, haya twende. Basi.

Majina kamili ya watoto na namba za simu za wazazi zisitundikwe, na atakayepiga picha za watoto kuziweka mtandaoni awe na ruhusa ya wazazi, iingizeni kwenye ile fomu ya mwanzo.

Walimu wataona haya. Wataniambia mimi si msanii. Nendeni kabatini kwake mtoe zana za kufundishia, ule moyo wa binaadamu aliouchora kwenye manila na rangi mbili, ramani ya kisiwa aliyoifinyanga kwa udongo, saa ya vifuu. Hiyo ni sanaa na imefanya kazi miaka. Zichanganyeni na za wanafunzi wa skuli yake, msizitengee chumba cha heshima, mtoto akiona kazi yake imekaa ubavuni mwa ya maalim wake anatembea tofauti.

Usafiri ni haraka tu: karatasi zisikunjwe, ziviringwe ndani ya mkeka au bomba la plastiki, nje nailoni. Vya udongo viingie kwenye pakacha na majani makavu ya mgomba, na vibebwe mapajani, visiwekwe juu ya gari.

Mgeni rasmi, haya tumefika. Mwambieni saa tatu na milango ifunguliwe saa mbili kwa wazazi, asiwepo mtu wa kukata utepe ndo watu waingie. Akija saa sita atakuta watu wameshaona, wanakunywa chai. Hotuba iwe fupi, na watoto wasisimamishwe juani.

La mwisho ni kurudisha. Siku ya kupokea kila kazi iandikwe kwenye daftari, jina, skuli, nani kaileta, sahihi. Siku ya kurudisha daftari lile lile, sahihi ya pili. Mpeni kila skuli bahasha au fungu lake siku hiyo hiyo ya kufunga kabla gari hazijaondoka, mana kitu kikibaki ofisini wiki moja kinabaki milele, nna kawa moja la ukili mwekundu na kijani lipo juu ya kabati langu tangu miaka mitatu, lebo imedondoka, daftari mwaka ule hatukuwa nalo. Kama kuna mtu analijua ni la msichana, lina kishikio cha uzi wa nailoni buluu na upande mmoja ukili umekosewa mstari ukarudiwa. Anione.