Programu ya desktop? Anza na SQLite
Wakuu, kama unatengeneza programu ya desktop, mfano ya mauzo ya duka au famasi, kompyuta moja tu, achana na kumwekea mteja MySQL (database inayotaka seva yake iwe inawaka muda wote), maana siku service hiyo ikigoma kuwaka ni wewe utapigiwa simu saa mbili usiku duka limejaa watu. Weka SQLite, database ndogo inayokaa ndani ya programu yako yenyewe. Database nzima ni faili moja, hakuna seva wala paswedi ya kusetiwa, na ni bure kabisa hata ukiuza programu yako, ipo tangu 2000 na imo hadi ndani ya simu za Android.

Ila kuna vitu lazima uvijue. Foreign key (kanuni zinazofunga rekodi za jedwali moja na za jingine) huwa zimezimwa, so kila ukifungua koneksheni andika PRAGMA foreign_keys = ON, la sivyo utafuta bidhaa na mauzo yake yatabaki yanaelea bila mwenyewe. Washa na WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), hapo anayesoma ripoti hamzuii anayeandika risiti. Sasa ukishaiwasha, bakapu usikopi lile faili la .db peke yake wakati programu inatembea, data mpya inaweza kuwa bado iko kwenye faili la -wal pembeni, tumia amri ya VACUUM INTO ikutolee kopi safi, umeme wa kwetu mnaujua.

Na tafadhali sana, faili usiliweke kwenye folda ya kushea ili kompyuta tatu ziandike kwa pamoja, linaweza kuharibika. Mteja akifika hapo mpe PostgreSQL, database ya seva.